Ubeti wa Nne Kwenye Msiba wa Kaka

Tulimzika kaka yangu kijijini Kabungu, saa tisa alasiri, na watu walicheka. Mimi nilicheka pamoja nao. Nilicheka ubeti wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ulipoanza wa nne nilibaki mdomo wazi, maana wimbo ule una beti tatu tu, na nimeujua tangu nikiwa msichana wa kidato cha pili.

Kama umekulia mahali ambako msibani watu hawacheki, nivumilie nikueleze kwanza. Sisi ni Wanyamwezi, ukoo wetu ulihamia Mpanda tangu enzi za babu. Majirani zetu wengi ni Wafipa, na Mfipa na Mnyamwezi ni watani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Ukifiwa, ndugu wanakuja kulia, mtani anakuja kukusumbua. Anaweza kulala katikati ya njia jeneza lisipite. Anaweza kuvaa koti la marehemu, akatembea kama yeye na kukohoa kama yeye, akadai ameachiwa mke. Wafiwa hamruhusiwi kukasirika. Akisema uongo mnacheka, akisema kweli mnacheka vilevile. Kazi yake ni kuzuia huzuni isiwazamishe, na ni kazi yenye heshima. Mazishi yasiyo na mtani, kwetu, ni kama ugali uliotolewa jikoni kabla haujaiva.

Mtani wetu siku hiyo alikuwa mama mmoja wa Kifipa, mjane, anayekaribia miaka sitini. Nitamwita mtani tu, maana ndivyo tulivyomwita maisha yetu yote. Na ili uelewe alichofanya pale makaburini, inabidi nikurudishe kwenye bani lake.

Bani ni nyumba ya kukaushia tumbaku. Ina kuta ndefu za udongo na tanuru la kuni, na ndani majani mabichi yananing'inizwa kwenye fito mpaka yageuke rangi ya dhahabu. Kabla ya kuingia bani, kila jani lazima lifungwe kwenye ufito kwa kamba, na kazi hiyo inataka mikono mingi. Mimi na kaka tulikuwa tukitoka shule tunakwenda kumfungia mtani tumbaku yake. Si kwamba tulikuwa na roho nzuri sana. Mtani na mumewe walikuwa na redio ya kaseti, na sisi tulikuwa na kanda bila redio.

Kanda hiyo kaka aliipata kwa kijana mmoja aliyeshuka na treni ya kutoka Tabora. Alibadilishana naye kwa jogoo. Jogoo alikuwa wa mama. Mama aliuliza habari za jogoo wake kwa wiki mbili, na kaka alimsaidia kumtafuta.

Nyie vijana ambao leo mnasikiliza chochote kwenye simu, huenda msielewe kanda moja inaweza kumfanya nini mtu. Wakati ule redioni kiongozi alikuwa mtu wa kuimbiwa kwaya. Akitajwa, anatajwa kwa cheo chake na kwa shukrani. Halafu tukabonyeza kitufe mle kwenye kibanda cha kufungia tumbaku, na kijana fulani wa Dar es Salaam, sauti kama ana mafua, akaanza kuuliza maswali. Kwa nini zahanati ina mlango mpya na haina dawa. Kwa nini karani anasema njoo kesho wakati kesho yenyewe hatakuwepo. Kwa nini mtu anaweka dole gumba kwenye karatasi asiyoijua, kisha anaambiwa aliridhia. Hakutukana. Alieleza polepole, mstari baada ya mstari, ngoma ikimgonga nyuma, mpaka unajikuta umeacha kufunga majani. Nilishtuka. Sikujua kwamba inaruhusiwa.

Albamu nzima tuliipenda, lakini wimbo wetu ulikuwa wa saba. Humo anayesema ni kiti cha ofisi. Kiti kinasimulia waliokikalia. Wa kwanza alikuja na kandambili, akaondoka na gari, hakugeuka nyuma. Wa pili alikigeuza kitanda, akalala, foleni ikamsubiri mpaka jua likazama. Wa tatu hakukikalia kabisa, alitundika koti lake mgongoni mwa kiti ili watu wadhani yupo. Beti tatu, basi, ngoma inakatika. Kaka alikuwa akiuimba huku amechuchumaa, mikono mbele, amekuwa kiti.

Mtani alikuwa hapendi. Angalau ndivyo tulivyoamini.

"Huyo anayefoka hivyo," alikuwa akisema huku anachochea kuni, "nani kamnyima ugali?"

"Mtani, anasema kweli," kaka alimjibu.

"Kweli haihitaji kupigiwa ngoma. Na wewe Mnyamwezi, funga majani, acha kuchuchumaa kama kuku anayetaka kutaga."

"Zima basi, si redio ni yako?"

"Nikizima mtaondoka, nani atanifungia tumbaku?"

Kwa hiyo kanda ililia msimu mzima, kuanzia majani ya chini ya mche mpaka ya juu kabisa. Ilipoanza kuburuza tuliirudisha kwa kalamu. Betri zilipochoka tulizianika juani. Mtani alichochea moto wake, akatugeuzia mgongo, na kamwe hatukumwona akitikisa hata bega.

Mambo mengine unayajua baadaye sana. Mimi kanda ile ilinipeleka ualimu. Naamini hivyo bila aibu. Ilinifundisha kwamba jambo gumu likielezwa kwa maneno mepesi na kwa mpangilio, mtu wa kawaida analishika na haliachii tena. Nilipopangiwa kufundisha Inyonga, kipindi cha fasihi nilikuwa nawasimulia wanafunzi kile kiti kinachosema, kisha nawaambia nanyi chagueni kitu kisicho na mdomo, mkipe mdomo. Nimesoma insha za mizinga ya nyuki, za mizani ya tumbaku, za benchi la zahanati. Watoto waliokuwa hawanyanyui mkono darasani waliandika kurasa nne. Kama wewe ni mwalimu, jaribu, hutajuta.

Kaka alichukua njia nyingine. Alibaki Kabungu akalima, na alipofika miaka thelathini na kitu aligombea uenyekiti wa kijiji. Nilikuja kumsikiliza siku ya mkutano wa kampeni. Hakuahidi barabara wala kisima. Alipanda juu ya benchi, akachuchumaa, akawa kiti. Aliwachania beti zote tatu, kwa kufokafoka kama yule kijana wa kwenye kanda. Wazee hawakuwa wamewahi kusikia kitu kama hicho, walipiga makofi mpaka wakachoka. Kisha akasimama akasema, "Nikikikalia mimi, hakutakuwa na ubeti wa nne."

Alishinda kwa mbali. Nilirudi Inyonga na basi nikiwa nimevimba kwa fahari. Nilijiambia, tazama, kanda ya jogoo imeleta mwenyekiti.

Aliongoza vipindi viwili, mpaka maradhi ya ini yalipomchukua, mwezi wa sita, mahindi yakiwa yameshavunwa na mabua yamesimama makavu mashambani. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia Mpanda mjini, ninaishi mtaa wa Nsemulwa. Kabungu nilikuwa naenda kila msimu kwa sababu nilikuwa na shamba huko, ekari tatu kando ya kijito, upande mmoja nalima mimi, upande mwingine analima wifi yangu, mke wa kaka.

Sasa turudi makaburini.

Padri alimaliza sala yake, akafunga kitabu, akarudi nyuma hatua mbili. Alizijua desturi, alijua zamu inayofuata ni ya nani. Mtani akajitokeza akiwa amevaa koti la kaka, lile la kijivu la mikutano, limemfika magotini. Akakohoa kikohozi cha kaka chenyewe. Watu wakaanza kutetemeka kwa kicheko kabla hajasema neno.

"Padri," alisema kwa sauti ya kaka, "umenisifu mno. Unataka wakikuta huko ninakokwenda sifai, nirudishwe?"

Padri naye akacheka. Mtani akadai marehemu ana jogoo wa watu tumboni tangu utotoni, na yeye hatakubali azikwe na mali ya wizi. Hapo mimi nililia na kucheka pamoja, maana wa kumwambia habari za jogoo alikuwa kaka mwenyewe. Kisha akavuta kiti cha plastiki, akasimama kando yake, akachuchumaa. Mikono mbele. Mjane wa karibu miaka sitini, mguu mmoja una maumivu ya goti, amekuwa kiti.

Na akaanza kuchana. Sikuwa nimewahi kumsikia akiimba hata wimbo wa kanisani. Alishika mapigo kama mtu aliyezaliwa nayo, alivuta pumzi palepale alipokuwa akivuta yule kijana wa kwenye kanda. Wa kwanza, kandambili na gari. Wa pili, usingizi na foleni. Kwa wa tatu alivua koti la kaka, akalitundika mgongoni mwa kiti cha plastiki, akalipigapiga bega kama anayemsalimia mtu. Watu walishikana mikono kwa kicheko. Mimi nilikuwa nahesabu miaka kichwani. Alitugeuzia mgongo msimu mzima, kumbe alikuwa anahifadhi kila neno.

Nilitegemea ainuke. Hakuinuka. Aliendelea, mapigo yaleyale, pumzi ileile:

"Wa nne alikuja, akanifuta vumbi kwa mkono wake,
akasema mimi ni kiti cha wote, si chake.
Mjane kasafiri Sumbawanga kumzika mama yake,
karudi kakuta mahindi, shamba si lake.
Msiniulize mimi, kiti hakina hati wala sahani yake,
muulizeni mwalimu, ndiye mla ugali wake."

Watu walicheka kuliko mwanzo. Kuna mzee alijipangusa machozi kwa kofia. Mtani akainuka, akashika goti lake, akachukua mchanga akautupia kaburini, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Lala salama, mtani wangu," akaenda kukaa na wanawake. Mazishi yakaendelea.

Mimi nilisimama palepale. Nilijaribu kujituliza. Ni utani, nilijiambia. Amesema padri amesifu mno, amesema kaka amekula jogoo, amesema mimi nimekula ugali. Watani husema. Lakini la jogoo lilikuwa kweli.

Siku ya tatu tulianua tanga, na asubuhi iliyofuata nilikwenda kwake. Alikuwa anapembua maharage kwenye ungo mlangoni.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kunilipa kazi ya msiba au umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza. Kuuliza ndiyo kazi yenu."

"Ule ubeti wa nne. Ni utani?"

Alipuliza makapi. "Ni utani," alisema. "Nimeutania msibani, na msibani hakuna kesi. Ningeusemea wapi kwingine? Ofisini kwa mwenyekiti?"

Akanieleza, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Mumewe alipofariki aliacha mashamba mawili, lile la bani na lingine kando ya kijito alilolifyeka mwenyewe kutoka porini, mimi nikiwa nimeshaondoka kijijini. Lile la kijito walikuwa wamelipumzisha. Miaka tisa iliyopita mama yake aliugua Sumbawanga, akaenda kumuuguza, akakaa misimu miwili mpaka akamzika. Aliporudi akakuta limelimwa. Alikwenda ofisi ya kijiji. Kaka alimwambia shamba lililoachwa bila kulimwa hurudi kijijini, na kijiji kimeshaligawa, na muhtasari umeshaandikwa.

"Limegawiwa kwa nani?" nilimuuliza, ingawa jibu nilikuwa nimeshaanza kulihisi.

Aliniangalia. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilimwona ameshtuka yeye.

"Mwalimu, unaniuliza kweli?"

"Nakuuliza kweli."

"Ulikuwa hujui?"

Nilitikisa kichwa kwamba sikujua. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipita mbele ya nyumba yake na jembe begani nikielekea kijitoni. Alikuwa akinisalimia. Mara mbili tatu alinipa kisamvu nikapike. Nikamuuliza, mtani, kama uliamini nimekuchukulia shamba nikijua, mbona ulikuwa unanipa mboga?

"Ugali wangu ungeulaje bila mboga?" alisema. Kisha akaacha ungo. "Nilidhani unajua, mama. Nilidhani una roho ngumu tu. Nikawa nasema, ipo siku mboga itamkwama."

Nilirudi nyumbani kwa wifi kwa miguu. Njiani nilikutana na jirani mmoja, nikamuuliza bila kuzunguka kama anajua shamba la kijitoni lilikuwa la nani. Alitazama chini. "Mwalimu, hilo kila mtu analijua," alisema. "Siku ya mazishi si uliona watu walivyocheka?"

Mimi nilidhani walicheka kwa sababu ni uongo wa mtani. Kumbe makaburini pale, katika watu wote wale, asiyejua nilikuwa peke yangu.

Nilimwomba wifi sanduku la karatasi za kaka. Haikuchukua muda. Ilikuwa kwenye bahasha ya kaki, karatasi ya maombi ya ardhi yenye jina langu, na chini yake saini yangu. Si ya kughushi. Yangu, ile yenye mkia mrefu. Na nikaikumbuka siku yenyewe. Kaka alikuja Inyonga na basi, akanikuta nasahihisha mitihani, rundo la madaftari mapajani. Akasema, "Dada, nimekutafutia shamba nyumbani, usije ukastaafu huna pa kulima. Saini hapa." Nilisaini juu ya daftari la mwanafunzi, kalamu nyekundu mkononi, nikamwambia asante kaka, nikaendelea kusahihisha. Kwenye karatasi ile, mstari wa nne, paliandikwa wazi jina la aliyekuwa akilimiliki kabla.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita niliposikia kwenye kanda habari za mtu anayeweka dole gumba kwenye karatasi asiyoijua, na nilimhurumia sana. Mimi nilikuwa na shahada. Nilikuwa nimewaambia watoto maelfu ya mara, soma swali lote kabla ya kujibu. Nilikaa sakafuni na ile bahasha mpaka wifi akaja kuniuliza kama naumwa.

Nilimwambia nitalirudisha shamba. Wifi ni mtu mwema, na alikuwa amefiwa siku sita tu zilizopita.

"Na upande wangu?" aliuliza.

"Lote ni lake, wifi."

"Watoto watakula nini? Yeye kaka yako amelala, anatukanwa hata udongo haujakauka, na wewe unaenda kumwongezea?" Hakulia. Aliingia ndani akafunga mlango taratibu, na mlango ule uliofungwa taratibu uliniuma kuliko kama angeubamiza.

Jioni hiyohiyo alikuja baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye msemaji wa ukoo wetu sasa. Hakunigombeza. Alikaa, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaleta njia yake.

"Mwanangu, kulirudisha si vibaya," alisema. "Lakini kuna namna. Wewe nenda mkutanoni, waambie wanakijiji kwamba kwa kumuenzi kaka yako, ukoo wetu umeamua kumpa mtani wetu lile shamba. Zawadi. Shamba analipata, marehemu anabaki na jina lake, na sisi tunabaki na uso. Nani ameumia?"

Nitakuwa mkweli kwako, nililipenda wazo hilo. Nilifikiri limetoka kwa Mungu. Usiku nililala vizuri, na asubuhi nilimpelekea mtani habari hiyo kama mtu anayepeleka keki.

Alinisikiliza huku amesimama. "Zawadi," alisema.

"Ndiyo, mtani. Mbele ya mkutano wote."

"Halafu niwashukuru?"

Alifuta mikono kwenye kanga yake.

"Nyie Wanyamwezi mna ukarimu. Mtu mnamvua kanga, kisha mnampa kanga kwa kumwonea huruma, na yeye apige goti." Alikuwa akitabasamu, lakini hakuwa anatania. "Mwalimu, zawadi sitaki. Ukinipa zawadi, mume wangu atakuwa hajawahi kulifyeka. Nataka langu, na iandikwe kwamba ni langu. Kama hamwezi, limeni tu. Nimeshazoea."

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo, na sasa lilikuwa langu. Nikisema zawadi, analipata shamba na anapoteza haki yake. Nikisema kweli, ninamzika kaka mara ya pili, mbele ya mke wake na mbele ya watoto.

Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa wiki mbili baadaye, ajenda zikiwa nyingi, yetu ikiwa karibu na mwisho. Mtendaji wa kijiji alikuwa mezani na daftari la muhtasari. Wifi alikuja akakaa nyuma kabisa. Baba mdogo alikaa mbele, na nilipoinuka alinipa ishara ya kichwa, kwamba sema kama tulivyokubaliana.

Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi. Miaka yangu yote kazini sijawahi kusimama mbele ya watu nikakosa pa kuanzia. Mwisho nilieleza kama ninavyowaeleza wanafunzi, jambo moja kwanza, jingine baadaye. Nilisema shamba la kijitoni lilifyekwa na mume wa mama huyu. Nilisema aliondoka kwenda kumuuguza mzazi, hakulitelekeza. Nilisema kaka yangu alilijua hilo, na akaliandika kwa jina langu. Nilisema mimi nilisaini bila kusoma, kwa hiyo ulaji wa miaka yote hii ni wangu mimi, si wake peke yake. Na kwamba leo ninalirudisha.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimezoea sauti ya kicheko chao tangu mazishi, inanifuata hata jikoni, na ule ukimya wao ulinishtua zaidi. Baba mdogo aliinuka akatoka, fimbo yake ikigonga sakafu ya saruji mpaka nje.

Mtendaji aliinua kalamu. Ni kijana, alikuwa na huruma, alitaka kutusaidia. "Mwalimu, niandike amepewa?"

"Andika amerudishiwa," nilisema.

Mtani alikuwa amekaa kwenye mstari wa pili. "Na uandike na jina la mume wangu," alisema. "Polepole, usikosee."

Tulipotoka, wifi alikuwa amesimama peke yake kando ya ukuta. Nilidhani mtani atampita. Alikwenda moja kwa moja kwake.

"Ule upande wako unaweza kuendelea kuulima, mpaka mtoto wako mkubwa amalize shule," alimwambia. "Lakini utaniomba. Kila msimu, unakuja mlangoni, unaniomba."

Wifi alijitoa ukutani, akamtazama. "Naomba," alisema.

"Umepata."

Kesho yake asubuhi tulikwenda shambani wawili tu, mimi na mtani, kuonyeshana mipaka. Alianzia kwenye jiwe la kona, akawa anahesabu hatua kwa Kifipa, mabua yanavunjika chini ya miguu yake. Hakuwa amekanyaga pale kwa miaka tisa na alikwenda bila kusitasita. Katikati ya shamba akasimama.

Kulikuwa na kisiki cha mninga, kipana kama meza, kimeanza kuota uyoga pembeni.

"Mume wangu alifyeka kila kitu akauacha huu," alisema. "Alikuwa anatundika mizinga miwili juu. Nani aliukata?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza hata kusema kaka, na asingenibishia.

"Mimi," nilisema. "Nilimwita fundi, nikatengenezewa kitanda."

Alikaa juu ya kisiki, akanyoosha ule mguu wenye goti bovu, akawa anakipapasa kwa kiganja.

"Kinalalika vizuri?"

"Kinalalika."

"Kikubwa?"

"Futi tano kwa sita."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima kitu dukani. Nilingoja mzaha, mtani hakosi mzaha. Haukuja. Alinipa mkono nimwinue, nikamwinua, naye akaniuliza ameishia hatua ya ngapi. Sikuwa nimehesabu. Tukarudi kwenye jiwe la kona tukaanza upya.